Bi Hija na Jua la Kivulini

Saa moja na robo asubuhi, mji wa Kivulini bado haujaliona jua. Taa za kwenye baraza zinawaka, muuza maandazi amejitanda kanga mbili, na ukungu umelala juu ya bonde la mpunga kana kwamba hauna safari. Juu ya kilima cha mashariki, hata hivyo, jua limeshafika zamani. Limejimwaga kwenye sakafu kubwa ya saruji iliyopasukapasuka, na anayelikimbilia ni mwanamke mmoja mwenye gunia la karafuu mbichi kichwani.

Kukimbia kwenyewe ni kwa jina tu. Bi Hija Silima, mwenye umri wa miaka hamsini na nane, amesimama mara tatu tangu aanze kupanda, kila mara akishika goti lake la kulia na kulibembeleza kama mtoto mkaidi.

"Hili goti ndilo mkubwa wangu wa kazi," anasema akilitua gunia. "Likikataa hili, mji mzima haukauki."

Ni kweli tupu. Pemba haina milima ya kupigwa picha, lakini ina vilima vilivyobanana, na Kivulini, mji mdogo wa watu elfu nne na ushei, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Mtambile, umetumbukia katikati ya viwili vilivyosimama karibu mno. Wageni hudhani jina la mji ni sifa ya miti yake. Wenyeji watakwambia ni malalamiko.

Jua huingia mjini baada ya saa tatu, na ikifika saa tisa na nusu limeshapotelea nyuma ya kilima cha magharibi. Sare za shule zikifuliwa Jumamosi huvaliwa Jumatatu zingali na unyevunyevu. Walionunua sola wamezipandisha juu ya miti mirefu, na bado simu zao hulala na chaji nusu. Watoto wachanga hubebwa kilimani kuoteshwa jua. Na kwa kuwa mtandao nao unapatikana vizuri hapo hapo juu, watu hupanda kupiga simu, wakasimama kando ya sakafu wakisema mambo yao kwa sauti. Bi Hija anajua nani kaposwa na nani kaachwa kabla ya jamaa zao wenyewe. Ukimuuliza, atakwambia yeye huangalia karafuu tu.

Mji una misikiti miwili, skuli moja yenye zamu mbili, kituo cha kununulia karafuu, na soko la mabanda sita ambalo mchana wa msimu hubaki na paka. Msimu ukiingia, kila mtu yuko mashambani au yuko barazani anachambua, akitenga karafuu na makonyo, vijiti vyake. Harufu inaingia mpaka kwenye chai.

Kwa mengine yote watu wa Kivulini wamezoea kuishi na jua la nusu siku. Kwa karafuu hawawezi. Karafuu mbichi zinataka siku nne au tano za jua kali, zichakurwe na kugeuzwa kila saa, zigeuke rangi kidogo kidogo mpaka ziwe nyekundu ya kahawia na ukiikunja moja ivunjike. Bondeni huchukua siku tisa, kumi, na mara nyingi hunyauka na kuwa nyeupenyeupe kabla hazijakauka. Hizo huitwa mpeta. Mpeta hushushwa daraja kituoni, au hurudishwa nyumbani.

Kwa sababu hiyo watu wa Kivulini, kizazi baada ya kizazi, hupandisha karafuu zao kilimani. Sakafu ilijengwa na ukoo wa kina Nasor, watu wenye asili ya Omani waliokuwa na mashamba nusu ya bonde hilo. Leo wengi wao wako Wete, wenye maduka na wenye kazi za ofisini. Aliyebaki mpaka mwisho alikuwa Maalim Seif Nasor, mwalimu aliyewafundisha kusoma karibu watu wazima wote wa mji, na ambaye hakuwahi kudai hata punje moja kwa sakafu yake.

Bi Hija alianza kuanika hapo miaka ishirini na sita iliyopita, alipoachika akiwa na binti mmoja mkononi. Shangazi yake ndiye aliyekuwa mwanikaji, na siku mgongo ulipomkataa alimkabidhi kazi kwa maneno machache: usichanganye karafuu za watu, na usiipe mbingu mgongo.

Anazijua karafuu za kila mtu kwa kuzitazama. Hizi zimechumwa mapema mno, hizi zimekaa ndani ya gunia usiku mzima, hizi wachambuaji wake walikuwa wanapiga soga. Huburura miguu katikati ya majamvi akizichakura, mistari inafuatana nyuma yake, kisha anarudi kuifuta kwa mistari mingine. Jioni huanua zote na kuzitia katika banda lililo pembeni ya sakafu. Asubuhi anaanza tena.

Lakini kazi yenyewe hasa, anasema, ni kuangalia mbingu. Mvua ya Kivulini hutokea mashariki, nyuma ya kilima, na aliye bondeni haioni mpaka imfike kichwani. Aliye juu huiona ikiwa bado iko baharini. Akiona wingu limeshiba, Bi Hija hupiga debe lililotundikwa kwenye nguzo ya banda, na hapo mji mzima unaacha linalofanyika. Sabuni inaachwa nguoni, bao linaachwa kete zikiwa shimoni. Watu wanapanda mbio, na kila mmoja anaanua jamvi lililo mbele yake bila ya kuuliza la nani.

"Mvua ikija, hapa juu hamna karafuu ya mtu," anasema. "Mpaka ziingie bandani. Zikiingia bandani ndo watu wanaanza tena kujuana."

Malipo yake ni shilingi elfu moja kwa kila jamvi kwa siku. Mwaka jana, msimu ulipopamba moto, alikuwa na majamvi kumi na tisa. Mwaka huu, asubuhi hii ya Septemba, ana majamvi saba. Sakafu imebaki wazi kama uwanja.

"Nimechoka," anasema, na anasema bila ya kuzunguka. "Ntakudanganya nini? Nimechoka miguu, nimechoka roho. Lakini mtu aliyechoka na mtu anotaka kuondoka si mmoja."

Binti yake, aliyeolewa Unguja, amemwambia ahamie kwake. Bi Hija amemjibu kwamba majamvi yasipoongezeka mpaka mwezi kwisha, atakwenda. Kwa saba atakula mpaka msimu umalizike, lakini miezi iliyobaki ya mwaka hataivuka kwa kusuka ukili wa mikeka peke yake. Ukimuuliza kama anataka kwenda, anaangalia pembeni. "Nkae ndani ya nyumba ya watu, kutwa nangoja kuitwa kula? Haya. Kama ndo ilivyoandikwa."

Anayengojwa, kwa hakika, ni mtu mmoja. Mzee Kificho ndiye mwenye mikarafuu mingi kuliko wote mjini, na peke yake alikuwa akileta majamvi sita. Mwaka huu anaanika uani kwake, bondeni, kwenye kivuli. Na Mzee Kificho akielekea upande, nusu ya Kivulini hugeuza shingo kuangalia upande huo.

Sababu ilianza Novemba ya mwaka jana.

Maalim Seif Nasor alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, na mazishi yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri. Bi Hija alikwishavaa buibui aende msibani pamoja na wanawake wenzake. Lakini majamvi kumi na tisa yalikuwa yameshatandikwa, mengine siku ya tatu juani, na wakubwa wa mji wakamtuma mtu kumwambia abaki. Akabaki. Wanaume wote walikuwa msikitini, wanawake wote walikuwa nyumba ya msiba. Sokoni hakukuwa na hata wa kulinda ndizi.

Njia ya makaburini inapita chini kabisa ya kilima. Bi Hija anainyooshea kidole.

"Jeneza lilikuwa pale. Nasikia tahlili, La ilaha illa llah, sauti zinapanda mpaka huku. Nkageuka kutazama mashariki. Wingu, yakhe! Jeusi, limeteremka, halina mchezo. Nkakamata kijiti cha debe. Nkakiweka. Nkakamata tena."

Anachukua karafuu moja, anaikunja. Haivunjiki. Anairudisha jamvini.

"Mtu kanfundisha mie kuandika jina langu. Sakafu hini yake. Anapelekwa kaburini, halafu mie nimpigie debe juu ya kichwa chake? Skupiga. Nkasema ntaanua mwenyewe."

Aliweza majamvi manane. Alianzia karibu na banda, kama akili inavyomtuma mtu aliye peke yake, akikunja jamvi na kuliburura, akilimimina na kurudi. La tisa lilimponyoka mikononi, mvua ikamkuta amepiga magoti juu yake. Ni siku hiyo goti la kulia lilipoanza kudai haki zake.

Majamvi sita ya Mzee Kificho yalikuwa ukingoni, mbali na banda kuliko yote. Hapo ndipo mahali pa heshima, jua huwahi kufika na huchelewa kuondoka. Bi Hija mwenyewe ndiye aliyempangia, miaka yote, kwa kumtukuza. Yalilowa yote sita.

Jioni, watu walipotoka kuzika, walipanda mmoja mmoja. Hakuna aliyemlaumu. Kila mtu alijua kwa nini debe halikulia, na kila mtu aliona aibu kusema kwamba bora lingelia. Mzee Kificho alifika mwisho. Alichota konzi moja ya karafuu, akainusa, akasema "Alhamdulillahi," akateremka. Baadaye karafuu zake zilikwenda daraja la mwisho, na gunia moja likarudishwa. Mabati aliyokusudia kuezekea nyumba yake bado hayajanunuliwa.

"Lau angentukana, ningelia, yangekwisha," anasema Bi Hija. "Kashukuru Mungu akaenda zake. Miezi kumi sasa. Tukikutana njiani ananambia salamu alaykum, anatazama viatu vyake."

Ndiyo maana wiki hii alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwendea imamu wa msikiti mkubwa, Maalim Hamzah, akamwomba aulize mbele ya watu.

Ijumaa, baada ya sala, wanaume wanakaa kwenye baraza ya msikiti na wanawake wanakaa upande wa chuo cha Kurani, nyuma ya pazia lililofungwa nusu. Maalim Hamzah anaeleza kwamba kuna mwenzao ana swali. Bi Hija anasimama, amejifunika mpaka kidevuni. Mwanamke anayesimama kilimani na kuuamrisha mji mzima kwa debe, hapa sauti yake haisikiki safu ya pili.

"Nauliza tu," anasema. "Jeneza likiwa njiani na mvua ikawa inakuja, nifanye nini?"

Barazani watu wanageukiana. Kisha kila mtu ana la kusema. Mmoja anasema haifai, maiti ana haki ya utulivu. Mwingine anasema haki ya maiti ni dua, utulivu ataupata mwenyewe. Wa tatu anataka kujua ikiwa ni maiti wa mji au maiti mgeni, na watu wanamwambia akae chini.

Anayewanyamazisha ni Zulekha, binti wa marehemu Maalim Seif, anayezungumza kutoka upande wa wanawake bila ya kusimama.

"Nyie mmesoma kwa baba yangu," anasema. "Debe likilia, alikuwa anafanya nini? Hakuwa anafunga kitabu? Hakuwa anatufukuza sote darasani, twende tukaanue, mpaka yeye mwenyewe na kanzu yake kaipandisha magotini? Leo mnakaa hapa mnasema angechukia. Baba angelijua watu wamepoteza karafuu kwa ajili yake, hilo ndilo angelionea haya."

Baraza nzima inainamisha vichwa. Wapo wanaofuta macho na kusingizia jasho. Maalim Hamzah anatoa neno.

"Piga, Bi Hija. Waliobeba jeneza wataendelea na jeneza. Waliobaki wapande. Kuokoa mali ya watu si kumvunjia heshima maiti."

Watu wanasema naam, naam. Mzee Kificho, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ameegemea nguzo ya mwisho muda wote huo. Hasemi naam wala la. Anachukua kandambili zake, anazivaa, anaondoka.

Bi Hija anamwona kwa upenyo wa pazia. Akifika nyumbani anakaa kizingitini akilikanda goti kwa mafuta ya karafuu.

"Wamenipa ruhusa ya kupiga debe," anasema. "Karafuu zenyewe ziko wapi?"

Jumamosi anapanda kama kawaida. Anatandika majamvi yake saba, na kwa mazoea anayaweka karibu na banda, ukingo akauacha mtupu. Saa mbili na nusu, kikohozi kinasikika njiani. Kinasimama, kinaendelea, kinasimama tena. Kisha kinatokea kichwa chenye kofia ya kiua, halafu jamvi lililokunjwa begani, halafu Mzee Kificho mzima, akihema. Nyuma yake vijana wawili wa shambani wamebeba magunia.

"Hodi," anasema, ingawa sakafu haina mlango.

"Karibu, Mzee wangu. Karibu."

Anaweka jamvi chini na kukaa juu yake. Anakaa muda mrefu, anapumua. Bi Hija anaendelea kuchakura, miguu ikienda na kurudi, hamtazami. Vijana wanatua magunia na kwenda kutafuta mtandao.

"Nliyaona yale mawingu," anasema Mzee Kificho.

Miguu ya Bi Hija inasimama.

"Siku ile. Pale kona ya makaburini, kilima kinapoachia nafasi, unaiona mashariki. Nlikuwa nimebeba jeneza, mguu wa mbele, upande wa kulia. Rafiki yangu wa miaka hamsini yuko begani mwangu. Ulimi wangu unasema La ilaha illa llah, na moyoni, wallahi Bi Hija, moyoni nahesabu majamvi. Moja, mawili, matatu. Nangoja debe lako. Nalingoja kama mtu anavyongoja adhana akiwa na njaa ya Ramadhani. Halikulia, nkakukasirikia. Mpaka tunamteremsha kaburini, mie nimekukasirikia weye."

Anavua kofia, anaitazama ndani.

"Halafu nkajiona nilivyo. Weye peke yako huku umemstahi kuliko mie nliembeba. Ningeupanda vipi mlima huu? Ntakutazama kwa jicho gani? Watu wakadhani nimekununia. Nkawaacha wadhani, ilikuwa rahisi."

Bi Hija anakaa chini, taratibu, mkono mmoja kwenye sakafu, goti likilalamika. Machozi yanamteremka na hayafuti. Miezi kumi alikuwa ameibeba hatia isiyokuwa yake peke yake, na aliyekuwa na nusu ya pili alikuwa akipita njia ile ile kila siku akitazama viatu.

"Ungelinambia," anasema.

"Ningelikwambia nini?"

"Hilo hilo ulonambia sasa. Mzee Kificho, miezi kumi! Mie nimeshafunga mzigo wa Unguja."

"Ufungue."

Wanakaa. Jua linapanda, na kule bondeni mwanga wa kwanza ndiyo kwanza unagusa mapaa ya sokoni. Mzee Kificho anainuka na kuanza kuliburura jamvi lake kuelekea bandani. Bi Hija anamuuliza anakwenda wapi.

"Hapa karibu. Nsikupe tabu tena."

"Hapo kuna kivuli cha banda mpaka saa nne. Unataka mpeta nyingine? Peleka kulee ukingoni, pahala pako."

Anapeleka. Kufikia saa nne vijana wameshusha gunia la mwisho, na wanawake wawili waliokuja kupiga simu wameshuka mbio na habari. Kabla ya adhuhuri sakafu ina majamvi kumi na sita, na Bi Hija amekunja mdomo kwa uchovu na kwa kitu kingine anachojitahidi kukificha.

Akiulizwa mipango yake, anasema ni michache. Anataka misimu miwili zaidi, mitatu kama goti litakubali. Unguja kwa binti yake atakwenda kutembea tu, Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, na mzigo utakuwa wa siku kumi, si wa kuhama. Na lipo jambo moja alisahau kuliuliza msikitini, kwa hiyo anamwambia Mzee Kificho, ambaye ameinama ukingoni anasambaza karafuu kwa viganja.

"Na mie siku yangu ikifika," anasema, "kukiwa na wingu, waje huku kwanza. Waanue zote. Mie ntawangoja."

Mzee Kificho haachi kusambaza. Anaitazama mashariki, ambako leo mbingu ni nyeupe na haina kitu.

"Basi usife vuli, Bi Hija," anasema, na anavuta gunia la pili.